Mtoto Mmoja, Majibu Mawili: Kutegemeka kwa Kipimo cha Mazoezi kwa Watoto Wenye Pumu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madaktari na wauguzi, wataalamu wa vipimo vya mapafu, walimu wa michezo, na wazazi mliojumuika nasi:

Nimeombwa nizungumzie kutegemeka kwa kipimo cha mazoezi kwa watoto wenye pumu, nami nitaanza na swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuliuliza. Iwapo mtoto atakimbizwa kwenye mashine leo na kuambiwa kwamba mirija yake ya hewa inabana, kisha akakimbizwa tena keshokutwa na kuambiwa kwamba haibani, ni jibu lipi la kuaminiwa? Maoni yangu, ambayo najua si wote humu ukumbini wanayakubali, ni kwamba mara nyingi majibu yote mawili ni ya kweli, na kosa hutokea pale tunapoliandika jibu bila kuandika hali ambamo lilipatikana.

Kwamba mbio humbana kifua mwenye pumu ni jambo lililojulikana tangu zamani sana, lakini kulipima kwa mtoto kwa utaratibu ni kazi ya karne iliyopita. Mwaka 1962 R. S. Jones na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha vipimo vilivyoonyesha jinsi upumuaji wa mtoto mwenye pumu unavyobadilika wakati wa mazoezi na baada yake. Mwaka 1971 Fitch na Morton, nchini Australia, walionyesha kwamba kukimbia hubana mirija kuliko kuendesha baiskeli, na kuendesha baiskeli kuliko kuogelea. Matokeo hayo ya mwaka 1971 yalipaswa kututahadharisha mapema kwamba zoezi lenyewe silo lote linalopimwa.

Mtoto anapokimbia kwa nguvu huvuta hewa nyingi kwa dakika, tena kwa mdomo, na pua haipati nafasi ya kuipasha hewa hiyo joto wala kuitia unyevu. Kazi hiyo huiangukia mirija ya hewa. Maji yanayolowanisha ukuta wake wa ndani hupungua, chumvi iliyomo hukolea, na seli za kinga zilizotanda humo humwaga histamini, lukotrieni na kemikali nyingine zinazoifanya misuli inayoizunguka mirija ikaze. Sandra Anderson wa Australia ndiye aliyeitetea kwa muda mrefu zaidi nadharia hii ya kukauka; wengine walitilia mkazo kupoa kwa mirija na kupata joto upya baada ya mbio. Kwa mpimaji, njia zote mbili zinafika mahali pamoja: kinachobana mirija ni wingi wa hewa kavu au baridi iliyopita humo, na mbio ni namna ya kuipitisha. Anayepima mbio bila kupima hewa ni kama anayetoa dawa bila kujua kipimo chake.

Sasa niseme kipimo chenyewe kinavyofanyika, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kukishuhudia. Mtoto hupuliza kwanza kwenye spirometa, yaani kifaa cha kupima pumzi, na kinachoangaliwa ni kiasi cha hewa anachoweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Kwa ufupi nitakiita hewa ya sekunde ya kwanza. Kisha hubanwa pua kwa kibanio na kupandishwa kwenye mashine ya kukimbilia, na kasi pamoja na mwinuko huongezwa haraka ili ndani ya dakika mbili hadi nne awe amefikia nguvu inayotakiwa, akimbie kwa jumla ya dakika sita hadi nane. Akishuka, hupuliza tena kwa vipindi hadi nusu saa ipite. Kiwango cha chini kabisa kati ya hivyo vya baadaye hulinganishwa na kile cha awali, na tofauti huandikwa kwa asilimia ya kile cha awali. Kwa wengi wenye tatizo hili mirija hubana zaidi kati ya dakika ya 5 na ya 15 baada ya kusimama, halafu hulegea yenyewe taratibu.

Hapo ndipo namba inapozaliwa, na ningependa tuitazame kwa karibu. Tuchukue mtoto wa miaka 10 ambaye kabla ya kukimbia alitoa lita 1.80. Dakika ya 1 baada ya kushuka alitoa lita 1.75, dakika ya 5 lita 1.60, dakika ya 10 lita 1.66, na dakika ya 15 lita 1.72. Kiwango cha chini ni 1.60, kwa hiyo ameshuka kwa lita 0.20, yaani asilimia 11. Miongozo ya Jumuiya ya Kifua ya Marekani ya mwaka 2013 huhesabu kushuka kwa asilimia 10 kuwa dalili ya mirija kubana, basi mtoto huyu ana tatizo. Lakini tuseme kwamba kabla ya kukimbia alikuwa na haya, akapuliza bila kujitahidi sana, akatoa lita 1.74. Mengine yote yakibaki vilevile, sasa ameshuka kwa asilimia 8, na tatizo limetoweka. Mililita 60 zimebadilisha jibu. Tena kanuni za spirometria zinaruhusu mipulizo miwili bora ya mtu mmoja, aliyekaa kitini bila kufanya lolote, itofautiane hadi mililita 150. Kwa mtu mzima mwenye lita nne, hizo mililita 150 ni chini ya asilimia 4. Kwa mtoto mwenye lita moja na nusu, ni asilimia 10 kamili, ambayo ndiyo mpaka wenyewe tunaoutumia kumwambia mzazi kwamba mtoto wake anaumwa au haumwi.

Ni kwa sababu hii ninawasihi wapimaji waupe mpulizo wa awali uzito ule ule wanaoupa mpulizo wa baada ya mbio. Wengi wetu tuna haraka ya kumpandisha mtoto mashineni. Mtoto apewe muda wa kujifunza kupuliza siku ya kwanza, hata kama siku hiyo hakimbii, na baada ya mbio apulize angalau mara mbili kila kipindi ili kichukuliwe kiwango cha juu kati ya hivyo viwili. Asilazimishwe mara nyingi zaidi ya hapo, kwa kuwa kuchoka nako hushusha namba, na kushuka kwa uchovu kunafanana kabisa na kushuka kwa pumu kwa mtu anayesoma karatasi tu bila kuutazama mchoro wa mpulizo. Mchoro usemao ukweli huanza kwa kupanda ghafla kama ukuta. Mchoro wa mtoto aliyechoka huanza kwa kusitasita.

Mpaka wenyewe nao haukubaliwi na wote. Wakati miongozo ya Marekani inataja asilimia 10, ile ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi cha GINA hutaja, kwa watoto, kushuka kwa zaidi ya asilimia 12 ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri na kimo chao, na mwaka 1999 Simon Godfrey na wenzake walipendekeza asilimia 13 kwa watoto na vijana. Wanaotumia kifaa kidogo cha mkononi cha kupima kasi ya juu ya pumzi huchukua asilimia 15, kwa kuwa namba za kifaa hicho hutegemea bidii ya mtoto zaidi ya zile za spirometa. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeshuka kwa asilimia 11 anaweza kuitwa mgonjwa kwa mwongozo mmoja na mzima kwa mwingine, pasipo mtu yeyote kukosea. Sioni ubaya wa kuwa na mipaka tofauti, kwa sababu kila mmoja uliwekwa kwa kupima kati ya kuwakosa wagonjwa na kuwasingizia wazima. Ubaya ni kuandika neno moja, ana au hana, na kuificha asilimia iliyozaa neno hilo.

Nirudi kwenye hewa, maana hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika bila mtu kujua. Inapendekezwa kwamba hewa anayoivuta mtoto iwe na maji yasiyofika miligramu 10 kwa lita. Chumba chenye nyuzi 23 za joto na unyevu wa asilimia 50 kiko palepale mpakani. Chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 kina takriban miligramu 24 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, na mtoto atakayekimbia humo anaweza kutoka bila kushuka hata asilimia 5 ilhali mirija yake ni ile ile iliyobana wiki iliyopita kwenye baridi kavu. Kwa hiyo kituo kisichoweza kukausha hewa ya chumba chake kinahitaji kumpa mtoto hewa kavu ya mtungi kupitia mfuko na vali ya njia moja, na kikishindwa kabisa, basi angalau kiandike joto na unyevu wa chumba juu ya karatasi ya majibu. Kipimajoto chenye kipima unyevu ni kifaa rahisi sana, na bado ndicho ninachokikosa mara nyingi ukutani.

Nguvu ya mbio nayo ni sehemu ya kipimo. Mwaka 2000 Kai-Håkon Carlsen na wenzake, nchini Norwei, waliwakimbiza watoto wenye pumu kwa viwango viwili, mara moja hadi asilimia 85 ya mapigo ya juu ya moyo na mara nyingine hadi asilimia 95, wakaona kwamba kwa asilimia 95 hewa ya sekunde ya kwanza ilishuka kwa wastani zaidi ya mara mbili ya ilivyoshuka kwa asilimia 85. Hao walikuwa watoto wale wale, na ugonjwa wao ulikuwa ule ule. Kwa mtoto wa miaka 10, tukitumia kanuni ya kutoa umri kutoka 220, tofauti hiyo ni kati ya mapigo 179 na mapigo 200 kwa dakika. Kanuni hiyo, niseme kwa kupita, ilitokana na watu wazima na haiwatoshi watoto vizuri. Bora zaidi ni kupima wingi wa hewa anayopumua mtoto kwa dakika, palipo na vifaa. Lakini hata mapigo ya moyo, yakiandikwa kwa uaminifu dakika kwa dakika, yanatosha kumwonyesha msomaji kama mtoto alikimbia kweli au alitembea haraka tu. Nguvu ikipanda polepole mno, mtoto hupata nafasi ya kuizoea, na mirija inaweza isibane hata kama mwishoni mapigo yamefika yanapotakiwa.

Kuna jambo jingine la mbio ambalo huwakanganya hata wataalamu. Takriban nusu ya wenye tatizo hili, wakishakimbia na mirija ikabana na kulegea, huwa na kipindi cha saa moja hadi tatu hivi ambapo wakikimbia tena mirija hubana kidogo tu kuliko mara ya kwanza, au haibani kabisa. Mtoto aliyekuja kituoni akiwa amecheza mpira asubuhi yote, au aliyekimbilia basi kwa sababu amechelewa, anaweza kupimwa ndani ya kipindi hicho na kuonekana mzima. Ndiyo maana inapaswa aambiwe asifanye mazoezi makali kwa angalau saa nne kabla ya kipimo, na ndiyo maana pia kipimo kikishindikana katikati hakirudiwi siku hiyo hiyo eti kwa kuwa mashine bado ina moto.

Kuhusu dawa sitachukua muda mrefu, kwa kuwa orodha zipo na wengi wenu mnazifahamu. Dawa ya kutuliza ya muda mfupi kama salbutamoli husimamishwa kwa saa 8, na zile za muda mrefu kwa siku moja au mbili. Dawa ya kuvuta ya steroidi ni suala tofauti: athari yake hujengeka kwa siku na wiki na hupungua vivyo hivyo, kwa hiyo mtoto aliyepimwa mara ya kwanza kabla ya kuianza na mara ya pili wiki nne baadaye hakupimwa mara mbili kwa maana ya kuangalia kutegemeka kwa kipimo. Amepimwa ili kuona kama dawa inafanya kazi. Vivyo hivyo mafua: maambukizi ya njia ya hewa yanaweza kuiacha mirija ikiwa nyepesi kubana kwa wiki kadhaa.

Watoto wadogo, walio chini ya miaka sita au saba, wanahitaji maneno yao wenyewe. Wengi wao hawawezi kukimbia mashineni kwa dakika sita bila kulia au kucheka, na wengine hawana hata sekunde nzima ya kupuliza, mapafu yao yanakuwa matupu kabla sekunde haijaisha, hivyo wataalamu hupima hewa ya nusu sekunde badala ya sekunde. Zaidi ya hapo, mirija yao hubana mapema na kulegea mapema kuliko ya wakubwa. Kwa baadhi yao kiwango cha chini hufikiwa dakika ya 2 au ya 3, au hata mirija huanza kubana mtoto angali akikimbia. Anayesubiri dakika ya 5 ndipo apime atakuta tukio limekwisha. Nchini Uholanzi wataalamu walilitatua tatizo la mashine kwa namna niipendayo sana: waliwarukisha watoto kwenye ngome ya kurukia, ile ya kujazwa upepo, ndani ya ukumbi wa kuteleza kwenye barafu, ambamo hewa ni baridi na kavu. Watoto waliruka kwa hiari yao, mapigo ya moyo yakapanda, na vipimo vikapatikana. Sina hakika kama kila kituo kitapata ukumbi wa barafu, lakini wazo la kumpa mtoto zoezi analolipenda ni la kila mahali.

Sasa, hata tukiyafanya hayo yote, je, jibu litarudi lile lile? Mwaka 2010 Sandra Anderson na wenzake walichapisha utafiti uliowapima zaidi ya watu 370 wenye dalili zinazoshukiwa kuwa za pumu, watoto na watu wazima, kila mmoja mara mbili ndani ya siku chache, kwa mbio za dakika nane, hewa kavu, na nguvu iliyodhibitiwa. Majibu ya siku hizo mbili, kwa mpaka wa asilimia 10, yalikubaliana kwa takriban robo tatu ya watu. Kwa robo iliyobaki, siku moja ilisema ndiyo na nyingine ikasema hapana, ingawa masharti yalishikwa kwa ukali ambao vituo vingi vya kawaida haviufikii. Watafiti hao walihitimisha kwamba huenda vipimo viwili vikahitajika kabla ya kusema tatizo lipo au halipo.

Wapo watakaosikia hivyo na kusema kwamba kipimo hiki hakifai. Nawaomba wafikiri upya, kwa sababu pumu yenyewe hutambuliwa kwa kubadilika kwake: mirija hubana leo na kulegea kesho, usiku kuliko mchana, msimu huu kuliko ule. Kipimo ambacho kingetoa namba ile ile kila siku kwa ugonjwa wa namna hiyo kingekuwa cha kushukiwa. Tunachotakiwa kufanya ni kutenganisha mabadiliko yanayotoka kwa mtoto na yale yanayotoka kwetu, na ya kwetu ndiyo niliyoyataja hadi sasa: mpulizo wa haraka, chumba chenye unyevu, mbio za kivivu, saa isiyofaa.

Kutokana na hayo, majibu mawili ya kipimo hayana uzito sawa. Mtoto akishuka kwa asilimia 25 na mchoro wake ukawa safi, tumeona mirija ikibana, na kipimo cha pili kisichoonyesha chochote hakifuti kilichoonekana. Mtoto asiposhuka, tunachojua ni kwamba hakushuka siku ile, kwa hewa ile, kwa nguvu ile. Kama hewa na nguvu havikuandikwa, hatujui hata hilo. Kwa mtoto aliyeangukia karibu na mpaka, tuseme kati ya asilimia 7 na 13, ningeshauri kipimo cha pili siku nyingine ndani ya wiki moja, saa ile ile, chumba kile kile, na dawa zile zile zikiwa zimesimamishwa kwa muda ule ule. Majibu hayo mawili yakitofautiana, nichukue lililo kubwa, na niandike yote mawili.

Nao mtoto ambaye hashuki mara zote mbili lakini bado anahema kila achezapo asirudishwe nyumbani na pampu ya kuvuta dawa kwa sababu tu hatuna jina jingine la kumpa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wa watoto na vijana waliopelekwa kwa sababu ya kuhema wakati wa mazoezi, ulionyesha kwamba waliokuwa na mirija inayobana walikuwa wachache, na walio wengi walikuwa wamefika tu kikomo cha kawaida cha mwili wao. Wengine zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, ndiyo hujibana wakivuta pumzi, jambo ambalo spirometa ya baada ya mbio mara nyingi hailioni kwa kuwa zoloto huwa imekwisha kufunguka.

Hapa ndipo ninapowahitaji walimu wa michezo na wazazi, ambao humwona mtoto mahali ambapo sisi hatumwoni. Mtoto anapobanwa uwanjani, tazameni saa: je, alianza kuhema katikati ya mbio na akatulia mara aliposimama, au alizidiwa dakika chache baada ya kusimama? Sikilizeni mlio: unasikika anapovuta pumzi au anapoitoa, unatoka kooni au kifuani? Andikeni kama hewa ilikuwa kavu au baridi siku ile, kama alitumia pampu kabla, na ilimchukua muda gani kupata nafuu. Karatasi hiyo ije na mtoto siku ya kipimo, nasi tuiambatishe na majibu.

Asanteni sana.